Mrejesho: usaidizi wa uuguzi Marekani, nimefaulu

Wakuu, niliuliza kama mtu anaweza kusomea CNA (msaidizi wa muuguzi mwenye cheti) hapa Marekani bila kutoa ada mfukoni. Inawezekana. Nyumba moja ya wazee ilinisomesha huku ikinilipa mshahara. Ukijilipia mwenyewe, sheria inataka urudishiwe gharama ukiajiriwa na nyumba ya wazee ndani ya miezi 12 tangu umalize kozi, kwa hiyo tunza risiti.

Saa za kozi hutegemea jimbo: kima cha chini cha shirikisho ni 75, California ni 160.

Mtihani wa maandishi haukunisumbua. Vitendo ndivyo vilivyonitoa jasho! Mkaguzi amesimama pembeni na karatasi yake, kimya, anaangalia kama umenawa mikono sawasawa, kama umefunga breki za kiti cha magurudumu, kama kengele umeiacha mgonjwa anapoifikia. Kumvisha shati aliyepooza upande mmoja, unaanza na mkono dhaifu. Kumvua, unaanza na ule wenye nguvu. Hilo lifanyie mazoezi hata kwa ndugu yako.

Jina langu limeshaingia kwenye rejista ya jimbo ya wasaidizi wa uuguzi, na zamu za usiku nimeanza. Aliyenishauri nivae soksi za kubana, asante sana, miguu inakushukuru.