Nimeombwa kubeba bendera ya taifa hadi madhabahuni. Nikatae?

Mstaafu_wa_Paredi

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu.

Nina jambo linaloninyima raha, na ningependa kusikia kutoka kwa watu wanaosoma Biblia ambao hawanijui hata sura. Mimi ni mwanajeshi mstaafu na pia ni mzee wa kanisa. Halmashauri yetu imeamua kwamba Jumapili inayotangulia sikukuu ya taifa tufanye ibada maalumu ya kuiombea nchi. Nilikuwa wa kwanza kuunga mkono. Kisha ikaja ratiba. Katika maandamano ya kuingia, mimi ndiye nitakayetangulia na bendera, nishani zangu zote kifuani; nyuma yangu kijana mwenye msalaba, kisha kwaya, kisha mchungaji. Bendera itasimikwa kulia kwa Meza ya Bwana, msalaba kushoto. Waumini wataigeukia bendera kwa wimbo wa taifa, na baada ya hapo ndipo ije sala ya kufungua.

Naipenda nchi hii, na sisemi hivyo kwa kujipendekeza. Nimewazika wenzangu wakiwa wamefunikwa bendera hiyo hiyo. Nimewahi kushika pembe yake ikikunjwa, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka ikawa kifurushi cha kutosha mikono miwili ya mjane. Kwangu si kitambaa. Ndiyo sababu najua bendera ikitangulia maana yake nini. Jeshini hakuna anayetangulia kwa bahati tu. Anayetangulia ndiye anayefuatwa, na aliyewekwa kulia ndiye mwenye heshima. Nikipita na bendera mbele ya msalaba, miguu yangu itakuwa imekiri jambo ambalo mdomo wangu hauwezi kulikiri.

Nilipouliza kikaoni, mmoja wa wajumbe akaniambia, "Mzee, hata wewe?" Kana kwamba kusita ni kuisaliti nchi. Liliniuma sana, maana nisingependa kufa nikiitwa hivyo. Naomba mnisaidie: nikatae, nikubali kwa masharti, au nakuza jambo dogo?

Neema_na_Kweli

Shikamoo mzee wangu. Kwa upande wangu, usikatae. "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu," Warumi 13. Paulo mwenyewe alipokaribia kupigwa mijeledi aliutaja uraia wake wa Kirumi bila haya (Matendo 22). Mimi ninalea vijana kanisani, na shida ninayoiona ni kinyume cha hiyo yako: kijana anaokoka, na kuanzia siku hiyo haijali tena nchi yake. Hapigi kura, hafuatilii chochote, anasema sisi ni wa mbinguni. Tukiitoa bendera kanisani, tutakuwa tumewaachia wanasiasa uzalendo wote waufanye watakavyo.

Mwalimu_Historia

Mzee, hukuzi jambo. Kuna watu waliulizwa swali lako hilo hilo wakalijibu kwa uhai wao.

Kwanza hapa, kwa sababu wengi huteleza: kuipenda nchi si dhambi. Yesu aliulilia Yerusalemu. Paulo alisema angekuwa radhi yeye mwenyewe atengwe na Kristo kwa ajili ya ndugu zake kwa jinsi ya mwili (Warumi 9:3), na sijui mzalendo aliyewahi kutoa zaidi ya hapo. Lakini soma Luka 4 taratibu. Watu wa Nazareti walimshangilia mtoto wao mpaka alipowakumbusha mambo mawili: wakati wa njaa Eliya alitumwa kwa mjane wa Sarepta, nchi ya Sidoni, na Elisha alimtakasa Naamani, mtu wa Shamu, ilhali Israeli palikuwa na wenye ukoma wengi. Wakamtoa nje ya mji mpaka ukingo wa kilima wamtupe chini. Hakuwa amewatukana. Alisema tu kwamba Mungu wao ana watu wengine pia. Anayeipenda nchi yake anaweza kulisikia neno hilo akalala usingizi. Mwenye kiburi cha taifa halivumilii.

Ujerumani, Julai 1933, kundi lililojiita Wakristo wa Kijerumani lilishinda uchaguzi wa kanisa la Kiprotestanti. Bendera za chama cha Hitler zikaingia makanisani. Novemba mwaka huo huo, kwenye mkutano wao mkubwa Berlin, msemaji akataka Agano la Kale liondolewe kwa kuwa ni la Kiyahudi. Angalia mwendo wa jambo lenyewe: bendera ilianza kwa kusimama kando ya Biblia, na haukupita mwaka ikataka kuichana kurasa. Wengi waliokuwa wakishangilia hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wameshindwa vita mwaka 1918, wamedhalilika, wanatamani kuinua vichwa tena. Waliwapenda watu wao. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

Mei 1934 wapinzani wao walikutana Barmen, mji wa Ujerumani, wakatoa tamko, sehemu yake kubwa ikiwa kazi ya mwanatheolojia Karl Barth. Walikiri kwamba Yesu Kristo ndiye Neno moja la Mungu tunalopaswa kulisikia na kulitii, katika uzima na katika mauti. Moja. Kila aliyelisoma wakati ule alijua ni sauti gani nyingine inayokataliwa.

Na usidhani watu wa namna hii hawakuwa wazalendo. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyempinga Hitler, alifika Marekani Juni 1939. Angeweza kubaki huko salama. Baada ya wiki chache akarudi, akieleza kwamba asiposhiriki majaribu ya watu wake hatakuwa na haki ya kushiriki kulijenga upya kanisa la Ujerumani baada ya vita. Akanyongwa katika kambi ya mateso ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945, akihesabiwa msaliti. Karibu nasi zaidi, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua Februari 1977 kupinga mauaji na uonevu. Mwezi huo huo akauawa. Huyu naye aliipenda nchi yake, na aliipenda kwa kuiambia ukweli.

Kwa hiyo mimi nauliza hivi: kanisa likishaisimika bendera mahali hapo pa heshima, bado litakuwa na mdomo wa kuikemea nchi ikikosea?

Mgeni_Wenu

Shikamoo baba. Mimi si msomi kama mwalimu, lakini naandika kwa sababu nimewahi kukaa kwenye benchi wakati wa ibada kama hiyo.

Ninaishi katika nchi isiyo yangu. Nilifika nikikimbia vita, na kanisa lilinipokea kabla ya mtu mwingine yeyote. Kila Jumapili niliitwa dada, na walimaanisha. Kisha ikaja Jumapili ya taifa. Bendera ikaingia, watu wote wakasimama wima, na mwanangu akanivuta kitenge akauliza kwa sauti kubwa, "Mama, na sisi tusimame?" Tulisimama, kwa heshima. Ila siku hiyo, ndani ya nyumba ya Baba yangu, nilijiona nimekaribishwa nyumbani kwa watu.

Halafu kiongozi wa sala akamwomba Mungu awaaibishe maadui wa taifa, akaitaja na nchi yenyewe. Ni nchi niliyozaliwa. Mama yangu yuko huko mpaka leo, na asubuhi ile ile najua alikuwa kanisani akiimba. Niliwaza: sasa Mungu amsikilize nani, huyu wa hapa au mama? Baada ya hapo tukaenda wote kwenye Meza ya Bwana. Waefeso 2 inasema "ninyi si wageni wala wapitaji." Niliupokea mkate nikiwa nalishikilia neno hilo kwa nguvu, kwa sababu mbele yangu kulikuwa na kitu kinachoniambia kinyume chake.

Baba, sikuhama kanisa hilo, na nchi hii naiombea kila siku. Nakuomba tu umkumbuke mtu wa benchi la nyuma.

Neema_na_Kweli

Pole sana dada yangu. Sala ile ilikuwa mbaya, na kama ningekuwepo ningemfuata kiongozi baada ya ibada. Lakini kosa lilikuwa la maneno ya sala, halikuwa la bendera. Na mwalimu, mfano wa Hitler umepitiliza. Si kila nchi inayojivunia historia yake iko njiani kwenda huko.

Mwalimu_Historia

Ni kweli, haiko. Basi tumwache Hitler, twende mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza. Serikali za kawaida, wachungaji wa kawaida, mataifa yaliyojiita ya Kikristo pande zote mbili. Askari wengi wa Ujerumani walivaa mkanda ambao chuma chake kilichorwa maneno "Mungu yu pamoja nasi." Upande wa pili wa mahandaki, Waingereza na Wafaransa waliombewa ushindi kwa Mungu huyo huyo. Krismasi ya mwaka huo baadhi ya askari walisikia wenzao wa upande wa adui wakiimba nyimbo wanazozijua, wakatoka, wakapeana mikono, wakazika maiti zao. Wakubwa wao wakakataza jambo hilo lisirudiwe. Hakukuwa na sala moja mbaya ya mtu mmoja pale, dada Neema. Ilikuwa desturi ya miaka mingi ya kulitaja taifa na Mungu kwa pumzi moja, mpaka watu wakashindwa kuvitenganisha.

Kuhusu vijana wako nakubaliana nawe moja kwa moja. Yeremia aliwaandikia mateka walioko Babeli, mji uliowachukua kwa nguvu, "mkauombee kwa Bwana" (29:7). Aliyeokoka akaacha kujali mji wake hajamsoma Yeremia.

Mstaafu_wa_Paredi

Marahaba wanangu, na asante mwalimu. Nimesoma kila neno.

Jana usiku nilifungua Yoshua sura ya 5. Yoshua yuko karibu na Yeriko, ni kamanda, vita iko mbele yake. Anamwona mtu amesimama na upanga wazi mkononi. Anamuuliza swali ambalo askari yeyote angeuliza: wewe uko upande wetu, au upande wa adui zetu? Yule akajibu, "La." Amekuja kama amiri wa jeshi la Bwana. Na Yoshua, aliyekuwa na ahadi ya nchi kutoka kwa Mungu mwenyewe, akaanguka kifudifudi, akavua viatu. Nimelisoma fungu hilo tangu ujana wangu nikilipitia haraka ili nifike kwenye kuta za Yeriko. Kamanda aliuliza kama Mungu ni wa kikosi chake, akaambiwa hapana, kisha akaulizia maagizo. Sijui askari anaweza kufundishwa nini zaidi.

Kwa hiyo nitawaambia hivi halmashauri. Asubuhi ya sikukuu yenyewe nitaibeba bendera uwanjani, nishani kifuani, mgongo wima kadiri uti wangu utakavyoruhusu, na wimbo wa taifa nitauimba mpaka sauti ikauke. Jumapili, msalaba utangulie peke yake, nami niingie na waumini. Nchi tuiombee kwa jina lake, viongozi wake na maskini wake, na tuungame dhambi zake waziwazi, kwa sababu ninazijua na baadhi nimeziona kwa macho. Kisha tuwaombee majirani zetu wote kwa majina ya nchi zao, hata wale tuliogombana nao. Dada Neema, nitapendekeza vijana wako ndio waisome sala hiyo, na kabla ya hapo wafundishwe kwa nini mpiga kura Mkristo ana kazi.

Najua yule mjumbe atasimama tena. Nitamjibu kwa upole kwamba nchi hii nimeitumikia, na sitaidanganya kwa kuipa kiti ambacho si chake. Wakishikilia ratiba yao, bendera aibebe mwingine; mimi nitakuwa ndani ya kanisa hilo hilo, sitagoma wala kuhama.

Mgeni Wenu, binti yangu, kikao ni Alhamisi jioni. Ukiniruhusu, nitawasomea aya yako ile ya sala, bila kutaja ni ya nani.

Mgeni_Wenu

Wasomee, baba. Na ile ya mwanangu pia.