Masuala ya kimataifa katika shule za upili za Mombasa: programu ianzie wapi?

MwalimuWaLikoni

Assalaam aleikum wana jukwaa. Mimi ni mwalimu wa Historia na Serikali katika shule ya kutwa upande wa Likoni, na nimekabidhiwa kazi ambayo naiona nzito kuliko ilivyoelezwa katika barua: kuandaa, pamoja na wanafunzi wa chuo kikuu waliojitolea, programu ya kuwafikia vijana wa kidato cha tatu na cha nne ili wayaelewe masuala ya kimataifa na waweze kuyazungumzia kwa vinywa vyao wenyewe. Mtaala unayo mada ya uhusiano wa kimataifa, na vijana wangu huwataja wanachama watano wa kudumu wa Baraza la Usalama bila ya kusita, kwa kuwa jambo hilo huulizwa katika mtihani. Lakini ukiwauliza kura ya turufu, yaani uwezo wa kila mmoja wa watano hao kulizuia azimio, inamhusu nini mvuvi wa Mtongwe, wanakutazama tu.

Mwaka jana tulileta mgeni, ambaye sitamtaja wala sitaitaja asasi yake. Alizungumza kwa saa mbili kwa Kiingereza cha vikao, akapiga picha na wanafunzi chini ya mwembe, akaondoka, na hatukusikia tena habari zake. Alipokuwa akikunja nyaya za projekta, msichana mmoja ambaye kaka yake ni baharia alinijia akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, kaka anasema meli yao siku hizi haipiti Bahari Nyekundu, inazunguka Afrika nzima. Ni nani aliyeamua hivyo?" Mgeni hakulisikia swali lile, na mimi nilijibu kwa haraka kwa sababu kengele ilikuwa imelia. Limenikaa moyoni tangu siku hiyo.

Nina saa moja na nusu kila Ijumaa baada ya masomo, na kuna wanafunzi ambao lazima waiwahi feri. Fedha za kuwapeleka Nairobi kwenye makongamano hatuna. Naomba ushauri wa watu waliowahi kulifanya jambo hili.

WakalaWaForodha

Wa aleikum salaam, mwalimu. Nimefanya kazi ya uwakala wa forodha Kilindini kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu swali la binti huyo ndilo somo lako la kwanza.

Niliwahi kualikwa katika shule moja ya Changamwe. Badala ya hotuba nilibeba nakala za hati za shehena za zamani, nikayafuta majina ya wenye mali kwa wino mweusi, nikazigawa, hati moja kwa wanafunzi wanne. Kila kundi lilitakiwa kutafuta bandari ya kupakilia, bandari ya kuteremshia na nchi ambako mzigo unaishia, kisha kuionyesha njia hiyo kwa uzi na pini juu ya ramani iliyotundikwa ukutani. Katika muda wa nusu saa wakaona wenyewe kwamba nyuzi nyingi hazikukoma Mombasa, bali ziliendelea hadi Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Kijana mmoja akasema, "Kumbe Uganda ikigombana nasi, mzigo wake utapita wapi?" Mwenzake akamjibu kwamba utapita Dar es Salaam, na hapo wakaanza kubishana juu ya nani anamhitaji nani zaidi, mimi nikiwa nimekaa kwenye dawati la nyuma nikisikiliza.

Sasa turudi kwa kaka wa binti yule. Tangu mwishoni mwa 2023, Wahouthi wa Yemen walipoanza kuzishambulia meli katika Bahari Nyekundu, kampuni nyingi ziliamua kuzipitisha meli zao Rasi ya Tumaini Jema. Wanafunzi watazame ramani kwa makini: meli inayotoka Mumbai kuja kwetu haina haja ya kupita Bahari Nyekundu, lakini inayotoka Ulaya kwa mfereji wa Suez haina budi. Ni nani aliyeamua, basi? Aliamua mwenye meli, lakini mwenye bima alikuwa amepandisha ada, wapiganaji walikuwa wamesema wanafanya hivyo kwa ajili ya Gaza, na mataifa makubwa yalikuwa yameleta manowari. Lipe kila kundi mhusika mmoja, liisome hoja yake na kuitetea. Sijui njia iliyo bora kuliko hiyo ya kumfundisha kijana kwamba ulimwengu hauendeshwi na mtu mmoja aliyekaa mahali pamoja.

Usisahau chai pia. Mnada uliomo mjini mwetu huuza chai ya nchi kadhaa za eneo hili, na huiuza kwa dola. Mwezi Machi 2025 serikali ya Sudan ilipiga marufuku bidhaa kutoka Kenya, chai ikiwemo, kwa sababu mwezi mmoja kabla yake Nairobi ilikuwa imewapokea viongozi wa RSF, kikosi kinachopigana na jeshi la Sudan, na washirika wao katika mkutano wa kisiasa. Wako watoto shuleni kwako ambao wazazi wao hufanya kazi katika maghala ya Shimanzi, nao hawatahitaji kuelezwa maana ya marufuku.

BintiWaKisauni

Naunga mkono, nami nitaongeza kwa upande wa sheria, ambayo niliisomea chuoni. Nilipokuwa kidato cha tatu nilibahatika kupelekwa kwenye kongamano la wanafunzi la kuigiza Umoja wa Mataifa, pale Gigiri, nikapangiwa kuiwakilisha Bangladesh, nchi ambayo nilikuwa sijawahi kuifikiria hata siku moja. Kwa majuma matatu nilisoma habari za mafuriko, vimbunga na bahari inayopanda, mpaka mama akanishangaa siku moja mezani aliponisikia nikisema "sisi" nikiwa na maana ya Wabangladesh. Jambo hilo halihitaji nauli ya Nairobi. Darasa, meza zilizopangwa duara na vibao vya karatasi ngumu vinatosha.

Nashauri ulete kesi ya mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia. Somalia ilifungua kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwezi Agosti 2014. Kenya ilidai kwamba mpaka uende mashariki moja kwa moja kwa kufuata mstari wa latitudo, Somalia ikataka mstari ulio umbali sawa kutoka pwani zote mbili, na eneo lililogombaniwa lilizidi kilomita za mraba 100,000. Kenya haikushiriki katika vikao vya mdomo vya Machi 2021, na hukumu ilipotolewa tarehe 12 Oktoba mwaka huo, ikiwa imechora mstari ulio karibu zaidi na dai la Somalia, serikali yetu iliikataa.

Hapo ndipo penye jibu lako kuhusu mvuvi na kura ya turufu. Ibara ya 94 ya Hati ya Umoja wa Mataifa inasema kwamba nchi isipotii hukumu, mwenzake anaweza kulipeleka jambo katika Baraza la Usalama. Mwaka huo Kenya yenyewe ilikuwa mjumbe wa Baraza. Waulize wanafunzi Somalia ingepata nini kama ingebisha mlango huo, na ingekuwaje kama mmoja wa wale watano angenyanyua mkono kupinga. Kisha umlete mvuvi wa Kiunga, kule karibu na mpaka wa Somalia, ambaye anataka tu kujua atupe jarife lake wapi asikamatwe.

Tahadhari moja ninayoiona kuwa ya lazima: madarasa yetu yana watoto wa Kisomali, na wengine wamekwisha kusikia maneno ya kuumiza nje ya shule. Pande zigawanywe kwa kura, karatasi zichotwe ndani ya kofia, na kanuni itangazwe mapema kwamba kinachojadiliwa ni mstari baharini, si watu. Wako watakaochota upande wasioupenda, na hao huwa ndio wanaosoma zaidi.

MzeeWaKuze

Mwanangu mwalimu, hongera kwa kazi hii. Kesi aliyoitaja binti yetu ni nzuri, ila mimi nisingeianza katika wiki za mwanzo. Kidonda bado kibichi, na watoto wajifunze kwanza kubishana juu ya jambo lililokwisha.

Jambo hilo wanalo hapa hapa. Wavusheni feri, watembee hadi Ngomeni, pale Fort Jesus, waambiweni kwamba mpaka Desemba 1963 bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa ikipepea juu ya ngome ile. Mimi nilikuwa mtoto, na naikumbuka. Ukanda wa maili kumi wa mwambao ulikuwa chini ya mamlaka yake kwa jina, Mwingereza akiusimamia kwa mkataba wa 1895 na kulipa kodi, hadi makubaliano yaliyotiwa saini London mwezi Oktoba 1963 yakauingiza katika Kenya. Wako waliotaka mwambao ujitenge, na wako waliopinga. Wanafunzi wasome hoja zote mbili, waone kwamba babu zao walikuwa ndani ya masuala ya kimataifa kabla ya somo hilo kuandikwa kitabuni.

Na mdahalo uwe kwa Kiswahili. Umoja wa Afrika uliipitisha lugha hii kuwa lugha ya kazi mwaka 2022, na tarehe 7 Julai ni siku yake duniani kwa tangazo la UNESCO. Mtoto aliye kimya kwa Kiingereza mara nyingi ana mengi ya kusema.

MamaWaWatatu

Ombi la mzazi: msiwachukue wale wale watano wa mdahalo kila mara. Binti yangu hasemi mbele za watu, lakini huandika vizuri sana, na programu iliyopita shuleni kwao haikumpa nafasi yoyote. Wako wanaoweza kuwa makarani, wachora ramani au waandishi wa azimio.

MwalimuWaLikoni

Ahsanteni sana nyote, na shikamoo Mzee wangu. Nimekaa na vijana wa chuo jana jioni tukakubaliana. Tutaanza na hati za shehena, kisha Bahari Nyekundu kwa Ijumaa mbili, halafu safari ya Ngomeni, na kesi ya mpaka itakuja mwisho, wanafunzi wakiwa wamezoea kusikilizana. Kila Ijumaa makarani wawili wapya wataandika yaliyosemwa katika daftari moja litakalobaki shuleni, hata wanafunzi hawa wa chuo watakapokuwa wameondoka. Lugha ni Kiswahili, na azimio litaandikwa kwa lugha zote mbili.

Binti mwenye kaka baharia nimemwomba afungue kikao cha kwanza kwa kulisoma swali lake. Amekubali, ila ameomba kwanza ampigie kaka yake simu ili ajue meli iko wapi.

Kilichobaki ni ramani. Tuliyo nayo imechanika hasa pale kwenye pembe ya Afrika. WakalaWaForodha, ile ya Changamwe bado ipo, nasi tungeweza kuiazima?