MJADALA: Vipindi vya herufi na namba viondolewe chekechea, mtoto achague kazi mwenyewe?

Mdau_wa_Awali
Wadau, naleta hoja. Kwa watoto wa miaka 3 hadi 5, vipindi vya darasa zima mbele ya ubao viondolewe, siku ijengwe juu ya kazi anazochagua mtoto mwenyewe. Niko upande wa ndiyo, na ushahidi ninao.

Wa kwanza ni utafiti wa Ypsilanti, Michigan, Marekani, ulioanza 1967. Watoto 68 kutoka familia maskini waligawanywa bila upendeleo katika mitaala mitatu. Mmoja ulikuwa wa kufundishwa moja kwa moja: mwalimu anasoma swali lililoandikwa tayari kwenye mwongozo wake, watoto wanajibu kwa pamoja. Wa pili ulikuwa HighScope, ambapo mtoto anapanga kazi, anaifanya, kisha anaieleza. Wa tatu ulikuwa chekechea ya kawaida ya michezo. Alama za vipimo vya akili zilipanda kwa makundi yote, na tofauti haikuwa kubwa. Lakini walipofuatiliwa hadi miaka 23, kundi la kufundishwa moja kwa moja ndilo lililokuwa limekamatwa zaidi kwa makosa makubwa, na ndilo lililokuwa na wengi zaidi waliohitaji msaada wa matatizo ya kihisia wakiwa shuleni.

Wa pili ni wa Rebecca Marcon, Washington D.C., uliochapishwa 2002. Kufikia mwisho wa mwaka wa sita wa shule, waliotoka madarasa yaliyokazania masomo walikuwa na alama za chini kuliko waliozoea kuanzisha kazi wenyewe. Tunaharakisha nini basi?

Mpima_Ushahidi
Mkuu, hesabu kwanza. Watoto 68 kwa mitaala mitatu ni 22 au 23 kwa kila kundi. Waliopatikana walipofika miaka 23 ni 52, yaani 17 hivi kwa kundi. Hapo watu wawili au watatu wakikamatwa, au wasikamatwe, picha nzima inageuka. Isitoshe, waliofanya utafiti ndio waliotunga HighScope. Sisemi walidanganya, nasema mpishi hatoi alama za chakula chake.

Huo wa Marcon hata haukuwagawa watoto kwa bahati nasibu. Ulichukua madarasa yalivyo, kwa hiyo tofauti za familia na za shule zimo ndani ya matokeo.

Na mbona hutaji Follow Through? Ule ulikuwa mradi mkubwa wa serikali ya Marekani ulioanza 1968, ukalinganisha mbinu nyingi kwa wakati mmoja. Tathmini ya 1977 iliipa ushindi ile ile mbinu ya kufundisha moja kwa moja katika stadi za msingi, na watoto wake hawakuonekana kujidharau. Kwa kujiamini walikuwa miongoni mwa waliofanya vizuri.

Mdau_wa_Awali
Follow Through ilihusu chekechea ya mwisho hadi darasa la tatu. Mimi nazungumzia miaka 3 hadi 5. Mtoto wa miaka 8 kunufaika na maelezo ya mwalimu hakuthibitishi kwamba wa miaka 3 anufaike vivyo hivyo.

Mpima_Ushahidi
Hilo nakupa. Ila nawe usitumie watu 17 kuamua sera ya nchi.

Mkufunzi_Chuo
Ndugu zangu, mnabishana kuhusu ncha mbili ambazo darasani hazikutani na mtoto mara nyingi. Uchambuzi wa Alfieri na wenzake wa 2011 ulikusanya tafiti 164. Kumwachia mwanafunzi agundue mwenyewe bila msaada kulishindwa na kueleza wazi. Lakini ugunduzi wenye msaada (vidokezo, maswali, zana zilizopangwa kwa makusudi) ulizishinda mbinu nyingine. Uchambuzi wa 2022 uliohusu watoto wadogo ulielekea huko huko: mchezo unaoongozwa ulizidi kufundisha moja kwa moja katika hesabu za awali na utambuzi wa maumbo, na katika mengine mengi tofauti haikuonekana.

Mchezo wa kuongozwa ukoje? Chukueni ubao wa namba wa watafiti wawili, Siegler na Ramani, wa 2008. Ni mstari wa vyumba 10 vinavyolingana ukubwa, vimeandikwa 1 hadi 10 kutoka kushoto kwenda kulia. Pia kuna kishale cha kuzungusha kinachotoa 1 au 2. Mtoto anacheza na mtu mzima mmoja, vikao 4 vya dakika 15 hivi, jumla kama saa moja. Watoto wa familia zenye kipato kidogo walipanda katika kukadiria nafasi ya namba kwenye mstari. Waliocheza ubao ule ule wenye rangi badala ya namba hawakupanda.

Siri iko kwenye kuhesabu. Mtoto yuko chumba cha 4, kishale kimetoa 2. Anatakiwa aseme "tano, sita" huku akigusa vyumba, siyo "moja, mbili". Utafiti wa baadaye ulionyesha kuwa wanaoanza upya na "moja, mbili" hupata faida ndogo, kwa sababu namba wanayoitamka haihusiani na namba iliyo mbele ya macho yao. Akikosea, mwalimu anarudisha kidole chake kwenye 4 na kumuuliza, "Hapa uko ngapi? Inayofuata?" Asimsogezee kete. Hapo ndipo mchezo mzuri huharibikia: mwalimu ana haraka, anahesabu yeye, mtoto anabaki mtazamaji.

Sasa niambieni, huo ni wa mtoto au wa mwalimu? Mtoto anashika kete na zamu ni yake. Ila lengo, vyumba vinavyolingana na kanuni ya kuhesabu ni vya mwalimu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mwalimu_wa_Zamu
Maelezo safi, mkufunzi, lakini mtu mzima mmoja kwa mtoto mmoja? Mwenye watoto 60 afanyeje? Hapo ndipo sera hizi hufia.

Mkufunzi_Chuo
Hafanyi kwa mmoja mmoja, na hafanyi kwa 60 pia. Gawanya 60 kwa kona 5, unapata 12 kila kona. Katika kona 4 weka kazi wanazozimudu bila wewe: vitalu vya kujengea, kuigiza, kuchora, kupanga na kuainisha vitu. Ya tano ni yako, nayo uikate mara mbili: 6 wanacheza nawe, 6 wanacheza wawili wawili kwa ubao ambao wameshaujua. Kila zamu dakika 15. Kwa siku unafanya zamu 2, kwa hiyo watoto 12 wanakaa nawe ana kwa ana. Siku 5 ni 60. Kila mtoto anakupata mara moja kwa wiki. Ni kidogo, nakiri, ila katika kipindi cha ubaoni cha watu 60 mtoto wa safu ya nyuma hakupati hata mara moja.

Kinachoiangusha ni wiki mbili za mwanzo. Mwalimu anafungua kona zote 5 siku ya kwanza, vitu vinatawanyika, kelele zinapanda, Jumatano amesharudi ubaoni na kusema mbinu haifai. Fungua kona moja kwa siku 2 au 3. Onyesha namna ya kuchukua kitu, kukitumia na kukirudisha. Zana ziwe chini, mtoto azifikie bila kuomba, na kila chombo kiwe na picha ya kinachokaa humo. Zana zilizofungiwa kabatini "zisiharibike" ni mapambo tu.

Na kule kupanga-kutenda-kueleza kwa HighScope kusiondolewe kwa kisingizio cha muda. Dakika 10 za kupanga, 45 hadi 60 za kazi, 10 za kurudisha vitu, 10 za kueleza. Wengi hukata ile ya mwisho, ilhali ndiyo inayomlazimu mtoto kutafuta maneno ya jambo lililokwisha kupita.

Mpima_Ushahidi
Nakubaliana na ubao wa namba. Nauliza kuhusu herufi. Wingi mtoto anaweza kuugundua mwenyewe kwa kushika vitu. Lakini kwamba mchoro huu husomwa "m" ni makubaliano ya watu, hakuna kitalu kitakachomfunulia. Lazima aambiwe. Kwa hiyo "viondolewe kabisa" siikubali: dakika 10 kwa siku za sauti za herufi, kikundi kidogo, maelezo ya wazi, hazimuui mtoto wa miaka 5.

Mdau_wa_Awali
Wa miaka 5, sawa, nalegeza hapo, mradi ziwe 10 kweli. Wa miaka 3, hapana. Kuambiwa kuna gharama yake. Bonawitz na wenzake, 2011, walitumia kichezeo cha kubuni chenye siri nne, kila sehemu ikifanya jambo lake. Watoto ambao mwalimu aliwaonyesha waziwazi sehemu moja inayolia waliirudia hiyo hiyo, wakagundua nyingine chache. Wengine, walioiona sehemu hiyo kana kwamba imelia kwa bahati, walichunguza zaidi. Mtoto ana mantiki: kama kungekuwa na zaidi, mwalimu angesema.

Na tazameni Tennessee, Marekani. Watoto karibu 3,000 walioomba chekechea ya serikali, nafasi zikitolewa kwa bahati nasibu. Matokeo ya 2022: kufikia darasa la sita, waliopata nafasi walikuwa nyuma ya waliokosa kwa alama za mitihani, na walikuwa na kesi nyingi zaidi za nidhamu. Dale Farran, mmoja wa watafiti wenyewe, amelaumu hadharani muda mwingi wa darasa zima kumsikiliza mwalimu.

Mpima_Ushahidi
Amelaumu, ndiyo. Lakini kilichogawanywa kwa bahati nasibu ni nafasi ya chekechea, siyo mbinu ya kufundishia. Sababu imetafutwa baadaye.

Mwalimu_wa_Zamu
Hakuna aliyemtaja mzazi. Ghana walijaribu jambo hili katika shule 240 za Accra na viunga vyake: walimu wa awali wakafunzwa mbinu za vitendo na kutembelewa darasani. Watoto wakapanda. Katika kundi jingine wakaongeza mikutano ya video kwa wazazi kuhusu umuhimu wa mchezo. Huko faida ya mafunzo ya walimu ilififia.

Mkufunzi_Chuo
Ndiyo, na ni matokeo ambayo wenye sera hawapendi kuyasoma. Mzazi anapima chekechea kwa daftari. Mwambie kwa video kwamba mchezo unatosha, na anaweza kuelewa kwamba shule imeacha kufundisha. Hiyo ni tafsiri yangu, msiibebe kama matokeo.

Kwa hiyo nisingeanza na hotuba. Ningemwita mzazi akae kwenye ubao wa namba na mwanawe kwa dakika 10, asikie akisema "tano, sita" bila kusaidiwa. Kisha mwalimu ampe ubao uliochorwa kwenye karatasi aende nao nyumbani, pamoja na kanuni moja: usimhesabie.

Mwalimu_wa_Zamu
Na karatasi 60 na wino nani analipia? Kwenye bajeti nyingi fungu la zana za awali huwa la mwisho. Nasubiri jibu la Mdau hapo kabla sijapiga kura.