Mtoto wa mwaka na miezi minne, kikohozi na homa haishuki, nimpe dawa gani?

BintiLikoni, saa 4:10 usiku
Assalam aleikum, hamjambo nyote. Naomba ushauri jamani, mwanangu leo siku ya nne homa inapanda inashuka, kikohozi ndo kabisa, nshampa Panadol ya maji, nshamkanda na kitambaa, inatulia saa mbili tatu kisha inarudi vile vile. Tangu jana hataki uji, ziwa lenyewe yuwashika na kuachia, kila saa yuwameza mate tu. Babake yuko safarini na lori mpaka Ijumaa na nina wengine wawili wamelala hapa. Nauliza tu dawa gani nzuri ya kikohozi naweza kupata duka la dawa huku Likoni sahi.

MamaWatatu
Pole mamii. Ni hii baridi ya kusi, wangu wote watatu wameumwa. Mpe asali na ndimu vuguvugu, ameshapita mwaka haina neno. Wa kwanza wangu alikohoa mwezi mzima kumbe ni godoro, tulikuwa tunakaa nyumba ya chini Majengo ukuta unatoa maji, tulipohama tu akapona, na mwenye nyumba mpaka leo hajarudisha diposti yangu.

Baharia_Mtongwe
Huyo amemkosa babake tu, mpigie video koli homa itashuka 😂

MamaWatatu
Baharia hapa si pa mzaha, mtoto mgonjwa.

NesiMstaafu
BintiLikoni acha kwanza habari ya dawa ya kikohozi. Mfunue kifua akiwa ametulia umhesabie pumzi dakika nzima, usikisie. Umri wake zikifika 40 ni nyingi. Angalia kama chini ya mbavu panabonyea ndani akivuta pumzi. Ametapika? Rangi gani? Na hayo mate anayomeza yameanza lini?

BintiLikoni
Nimehesabu mara mbili, 46 kisha 44. Mbavu sioni vizuri, taa ni ya simu. Ametapika mara moja magharibi, meusi meusi kama machicha ya kahawa, nikadhani ni uji wa wimbi alioonja asubuhi.

NesiMstaafu
Dadangu nakuuliza na unijibu. Mtoto amekatwa kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni?

MamaWatatu
Mbona kimya?

BintiLikoni, saa 5:02
Ndio. Juzi. Lakini msinihukumu kabla hamjasikia. Mtoto alikuwa yuwakohoa wiki nzima kabla ya hiyo homa, mavyaa akamtazama koo akasema kimio kimeshuka kinagusa ulimi, asipokatwa hatapona. Mimi mwenyewe nilikatwa mdogo na niko hai. Mzee aliyemkata ni mtu anayejulikana mtaani, alisema damu kidogo ni kawaida siku tatu, na kesho asubuhi atakuja na dawa ya unga ampake, nshamlipa nusu. Ndo maana nataka kitu cha kumtuliza mpaka asubuhi tu.

Abu_Tudor
Nyinyi kina mama mwaka gani huu bado mwapeleka watoto kwa wembe? Mtoto ni amana, utaulizwa.

FundiSimu254
Samahani lakini mimi hii siiamini. Kuna moja kama hii ilizunguka WhatsApp, mtoto, kimio, baba yuko safari, mwisho ikawekwa namba ya kutuma pesa, shangazi yangu akatuma mia tano. Na mtu mwenye mtoto anatapika damu ana wakati gani wa kuandika aya ndefu hivi? Ngojeni namba muone.

BintiLikoni
Sijaomba hata shilingi kwa mtu. Naandika kwa sababu nikimlaza chini yuwalia, nimekaa naye kifuani na mkono mmoja uko huru na sina mwengine wa kumwambia, hata babake hajui.

NesiMstaafu
Fundi hata kama ni hadithi, yupo mama mwengine anasoma hapa na wake amekatwa jana, kwa hivyo najibu. Kimio hakileti kikohozi. Koo likiwa na ugonjwa ndo kimio huvimba, ukikata ugonjwa uko pale pale na umeongeza kidonda. Anameza kila saa kwa sababu damu inateremka kooni, na ikikaa tumboni hutapikwa nyeusi. Hajamaliza kuvuja huyo. Mfungue kiganja uweke kando ya chako, kisha vuta chini kope ya jicho utazame ndani. Unga wowote usimpake, aspirini usimpe. Chukua kitabu cha kliniki waone kama sindano za chanjo za wiki 6, 10 na 14 alimaliza, wembe huo hujui ulimkata nani kabla yake, waambie wampime vyote.

BintiLikoni
Kiganja cheupe. Kope pia. Yarabi.

NesiMstaafu
Usingoje asubuhi. Anzia hospitali ya Likoni hapo karibu, wakiona damu imepungua watakupeleka Coast General, ile hospitali kubwa ng'ambo kisiwani Mombasa. Feri inavuka usiku kucha.

MamaWatatu
Gonga mlango wa jirani umwachie hao wawili. Kuamshana usiku si aibu.

BintiLikoni
Mavyaa anasema nikienda hospitali nimemdharau mzee na dawa haitashika.

MamaWatatu
Mwambie umedharau wewe, makosa ni yako, mtoto akipona utamuomba radhi. Toka.

BintiLikoni, saa 5:31
Niko kwa tuktuk.

FundiSimu254, saa 8:15
Dada umefika? Sijalala. Mimi damu yangu ni O, kama watataka mtu wa kutoa niko Kongowea, nakuja na piki yangu.

BintiLikoni, saa 11:40 alfajiri
Tumevuka, tuko Coast General. Anaongezwa damu, kidonda wamekifunga, na kifua kina nimonia wanamchoma sindano. Daktari aliuliza nani alimshika mtoto akikatwa. Nikamwambia ni mimi, nilimshika kichwa kwa mikono yangu miwili. Hakunifokea, aliandika tu. Sasa amelala, viganja vimeanza kurudi rangi. Babake nimempigia. Fundi njoo, wanasema ile damu ya akiba waliyomwekea irudishwe.