Tupeane uzoefu: siku moto wa kuni ulipokuumbua mbele ya familia

Mpuliza Moto: Wakuu, leo nimefungua begi la safari nikakuta shati bado linanuka moshi, nikacheka peke yangu. Tulikwenda kupiga kambi, mimi, mama watoto na wanangu watatu. Nikajitapa kuwa mpishi ni mimi. Nikabandika wali moto ukiwa umekolea, ndimi zinalamba sufuria mpaka juu. Chini ukawa mkaa, katikati uji, juu mchele wa kutafuna. Yule mdogo akauliza, "Baba, tule ghorofa ya ngapi?" Haya, leteni za kwenu.

Bibi wa Makaa: Ghorofa ya ngapi, hahaha! Mwanangu, moto wa kupikia si ule unaowaka, ni ule uliokwisha kuwaka. Ngoja kuni ziwe makaa, yapate kijivu juu, ndipo ubandike.

Macho Mekundu: Sisi kuni zilinyeshewa. Tulipuliza kwa zamu mpaka kizunguzungu, na moshi ukamfuata baba mkwe kila alikohamia. Tulikula saa sita usiku.

Kaka Mkubwa: Ninyi mna afadhali. Nilikuwa na miaka 14, tumekaa kando ya mto, wazazi, shangazi na sisi watoto watano. Baba akanituma nitafute mafiga. Nikaona uvivu kwenda mbali, nikaingia majini nikatoa mawe matatu, laini, yamelingana kama mayai. Baba hakuuliza. Tukabandika maharage.

Baada ya kama nusu saa, mdogo wangu wa kike alikuwa amechuchumaa palepale anachochea. Mama akamwita akalete chumvi. Akainuka. Hajapiga hatua tano, PAA! Figa limepasuka. Kipande kimoja kimetoboa hema, sufuria imelala ubavu, maharage yote motoni, majivu mpaka kwenye nywele za shangazi. Hakuna aliyesema neno. Mama akamshika yule mtoto akawa anampapasa uso, kichwa, mikono, anamgeuza huku na huku. Hana hata mkwaruzo. Ndipo baba akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mawe umeyatoa wapi?" Heri angenichapa.

Sasa hivi huyo mdogo wangu ana watoto wake, na mimi bado nikikuta watu wamezunguka moto, kwanza natazama mafiga.

Macho Mekundu: Yaani chumvi ndiyo iliyomwokoa! Mwili umenisisimka.

Mzoefu Porini: Chumvi tu hapo. Miaka 20 napikia mawe ya mto, sijawahi kusikia hata mlio. Bwana mdogo umeongeza pilipili.

Fundi Mstaafu: Hujasikia kwa sababu una bahati. Jiwe lililokaa majini linanyonya maji kwenye vinyufa vyake. Likipata moto, maji yanageuka mvuke, na mvuke haupati pa kutokea. Okota mawe ya nchi kavu, tena mbali na mto.

Mzoefu Porini: Basi mngenialika niwafundishe.

Kaka Mkubwa: Njoo, ila utakaa wewe upande wa kuchochea.

Mama Watatu: Mkimaliza kugombania mawe, sikilizeni. Mume wangu alizima moto kwa kuufukia mchanga, akajiona bingwa. Asubuhi mtoto akapita peku palepale. Makaa yalikuwa yamelala hai chini. Siku hizi tunamwaga maji, tunakoroga, tunamwaga tena, mpaka mgongo wa mkono ukipita karibu usihisi joto.

Macho Mekundu: Pole dada. Mlimpaka dawa ya meno?

Mama Watatu: Thubutu! Maji ya baridi yanayotiririka, dakika 20 nzima, analia nami nalia.

Sufuria Nyeusi: Nani ana dawa ya masizi? Nimesugua mpaka kucha zimeisha.

Bibi wa Makaa: Paka sabuni nje ya sufuria kabla ya kubandika. Ukirudi unasuuza tu.

Mzoefu Porini: Masizi yaacheni, sufuria nyeusi inashika moto upesi.

Bibi wa Makaa: Wewe sema hutaki kuosha vyombo.

Mpuliza Moto: Nimecheka sana. Ila usiku ule baridi ilizidi, nikataka kuingiza makaa hemani tuote. Kuna ubaya?

Fundi Mstaafu: Usithubutu! Wala usiseme utaacha mlango wazi. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu wala rangi. Mnasinzia wote, hamwamki. Ongezeni mablanketi.

Mpuliza Moto: Nashukuru mzee. Mama watoto alikataa siku ile nikanuna, leo itabidi niombe radhi. Kaka Mkubwa, mbona hujamalizia? Mlikula nini?

Kaka Mkubwa: Mikate mikavu. Na ile chumvi.