Wanaume wa Methodist hatuonekani kwa ushirika, tunaonekana mazishini tu. Tufanyeje?

KatibuMpya

Bwana asifiwe wadau. Niko kanisa la Methodist huku Kilifi upande wa bara, sitaji lipi manake wenzangu wako humu wanasoma. Juzi juzi nimechaguliwa katibu wa umoja wa wanaume, nikasema amina, nikakabidhiwa daftari na muhuri, ndio nikajua nimebebeshwa nini. Kwa daftari kuna majina zaidi ya sitini. Kwa mkutano tunakaa wanane, tisa akija mchungaji.

Kina mama wetu mkiwaona mtaona wivu, wana sare yao, wana siku yao, akifiwa mtu huko ndani kabisa wanajaza matatu wanaenda, akijifungua mtu wanabeba unga na sukari na hawangoji kutangaziwa. Sisi tukitangaza mkutano Jumamosi alasiri unaona watu wanaangalia viatu.

Na si ati wanaume hawapo, wapo. Kukitokea mazishi wanakuja wote, wanachimba kaburi, wanafunga turubai, wanakesha, hadi wale hawajaingia kanisani tangu siku ya harusi yao. Jioni nikipita mangweni, kule kwa wanywaji mnazi, nawaona pia, na nisiwe mnafiki, pale wamekaa vizuri na wanaongea mambo ya maana kuliko yale yetu ya mkutano. Ajenda yetu sisi ni hii siku zote: maombi, kumbukumbu, michango, michango iliyobaki, mengineyo, maombi. Kuna ada ya mwezi, kuna ya sakiti (makanisa ya eneo letu), kuna ya sinodi (jimbo zima), kuna sare, kuna ya kumuaga mchungaji akihamishwa na ya kumpokea anayekuja, halafu mweka hazina anasimama anasoma jina la kila mtu na deni lake mbele ya wenzake. Mwenyekiti anasema tukiacha kusoma madeni hakuna atakayelipa. Mimi naona tukiendelea kusoma hakuna atakayekuja.

Nyinyi wa Meru na Nairobi nasikia umoja wenu uko na nguvu. Mnafanya nini hasa? Nataka vitu vya kufanya, mistari ya Biblia tunayo ya kutosha. Na inauma manake mmisionari wetu Wakefield alitua huku, Ribe, 1862, sisi ndio wa kwanza Kenya nzima halafu tunashindwa hata kujaza benchi mbili.

BabaKendi

Ndugu katibu pole na hongera. Nikuambie ukweli, sisi huku Meru usifikiri ni watakatifu kuliko nyinyi, sisi tuna kazi tu. Desemba shule zikifungwa kuna makanisa yanachukua wavulana wanaoenda kutahiriwa, wanapelekwa kwa daktari, halafu wanakaa pamoja hadi wapone na wanaokaa nao ni wanaume wa kanisa. Hapo ndio mwanaume anaongea na kijana mambo ya pesa, mambo ya wasichana, ukimwi, pombe, miraa, vile utamheshimu mamako sasa umekuwa mtu mzima. Sasa angalia, mtu ambaye ukimwita mkutano anakuambia ako safari, mwambie kuna vijana ishirini wanataka kusikia vile alianza biashara yake ya boda mpaka sai ana tatu, atakuja na blanketi yake bila kuulizwa.

Na kuna kitu kingine hutokea hapo chini chini. Huwezi kumwambia mtoto wa watu aache pombe usiku na mchana alikuona ukitoka klabu. Nimeona watu wazima wakijirekebisha hivyo na hakuna mtu aliwahubiria.

Najua huko pwani wavulana hutahiriwa wakiwa wadogo kwa hivyo hii moja kwa moja haitawafaa. Lakini tafuta kitu ambacho bila nyinyi wanaume kinakwama. Kukaa na kusomewa hesabu hakukwami, mtu akikosa hakuna kitu kinaharibika na yeye anajua.

Mtoro wa mitingi

Katibu mimi si wa kanisa lako lakini ni mmoja wa wale sitini, kila kanisa lina sitini yake 😂

Wacha nikuambie vile sisi tunafikiria. Moja, nani aliwadanganya Jumamosi alasiri? Mkiweka saa tisa, mechi ya mapema ya Uingereza nayo inaanza hapo hapo, mnashindana na Arsenal na nyinyi hamna hata chai. Wekeni asubuhi, saa moja, watu wafanye kitu, saa nne kila mtu aende kwa shughuli zake. Mbili ni pesa. Si kwamba hatuna kabisa, ni kwamba hatujui inaenda wapi. Kwetu tulichanga tukanunua viti na hema vya kukodisha, mradi mzuri kweli, leo ukiuliza viti viko wapi unaambiwa una roho ya upinzani. Tatu, mimi niko karibu arobaini na bado nimejificha kwa vijana, na sitoki huko, manake siku nikivuka tu nakuta deni limeningojea.

Mweka hazina aturushie taarifa ya M-Pesa kwa grupu kila mwisho wa mwezi, mstari kwa mstari, aliyetuma na kilichotoka. Hiyo pekee itarudisha watu kumi.

Mwalimu Mstaafu

Salaam wote. Kwanza nimrekebishe katibu kidogo, Wakefield hakutua peke yake, aliletwa na mmisionari Mjerumani Krapf, na Krapf alikuwa ameijua pwani hii zamani kabla ya hapo, yeye na Rebmann walikuwa Rabai tangu miaka ya 1840 na misheni ya Waanglikana. Krapf aliugua akaondoka mwaka huo huo wa 1862, Wakefield ndiye aliyebaki, akamzika mkewe Rebecca hapo Ribe 1873. Na Golbanti huko Tana, mmisionari wetu Houghton na mkewe Annie waliuawa 1886. Nayasema haya kwa sababu vijana wetu wanapita Ribe kila siku wakienda Kaloleni na hawajui wanapita wapi. Umoja wa wanaume mkiwapeleka watoto wa Sunday school pale makaburini siku moja mkawasimulia, hiyo nayo ni shughuli na haigharimu chochote isipokuwa nauli.

Sasa nije kwa michango, manake ndugu zangu mnaisema vibaya na mimi nitaitetea kidogo. Sisi Wamethodisti madarasa yetu, vile vikundi vidogo vya kuleana tunavyojivunia, yalizaliwa na mchango. Bristol, Uingereza, 1742, walikuwa na deni la jengo lao la New Room, wakakaa kushauriana watalilipaje, mtu akasema kila mshirika atoe peni moja, sarafu ndogo ya Kiingereza, kwa wiki. Wengine wakapinga, wakasema wengi hapa ni maskini, hawana hata hiyo. Akainuka mmoja anaitwa Kapteni Foy akasema basi nipeni mimi watu kumi na moja, tena nipeni walio maskini kabisa, nitawapitia kila wiki, mwenye nacho atatoa na asiye nacho nitamtolea mimi. Wakagawana hivyo hivyo, kumi na wawili kumi na wawili. Sasa wale viongozi walipoanza kupita nyumba kwa nyumba kuchukua ile peni wakaanza kuona maisha ya watu, huyu amerudia ulevi, yule haongei na mkewe, mwingine hajala. Wakamletea habari John Wesley, mwanzilishi wetu, na Wesley akaona hiki nilichokuwa nakitafuta ndicho hiki. Deni la nyumba likawa limezaa ulezi wa watu.

Kwa hivyo usiuchukie mchango, katibu, angalia tu ni nani anamwendea nani. Foy alikwenda kwa maskini nyumbani kwake, faraghani, na alikuwa tayari kumlipia. Nyinyi mnamwita maskini aje hadharani asomewe. Peni ni ile ile lakini njia imegeuzwa.

Ningekuwa mimi ningechukua hayo majina sitini nikayagawa kwa vijiji, kila kijiji mtu mmoja mwenye miguu na siri, kazi yake ni kupita tu. Akipewa mia aandike, asipopewa anywe maji ashukuru aulize mtoto ameendeleaje na shule.

Mama Riziki

Naomba radhi kuingia baraza la wazee. Mwalimu amenigusa.

Mimi niko umoja wa kina mama na watu wasifikiri sisi hatuchangi, tunachanga kuliko nyinyi. Tofauti ni kwamba nikikosa, kuna mtu ananiona uso anakuja pembeni ananiambia Mama Riziki nimekuwekea, utanirudishia au utamwekea mwingine. Sijawahi kusikia jina langu likisomwa.

Mume wangu alifutwa kazi kampuni moja huku Mombasa, walipunguza watu. Alikuwa hakosi kanisani, na umoja wa wanaume alikuwa hakosi. Miezi ya kwanza alienda, halafu deni likafika mahali akaanza kusema Jumapili mgongo unauma. Mgongo gani, mtu anabeba debe la maji. Akawa anakaa ndani, hanyoi ndevu, redio hafungui. Kina mama walikuja kwetu, waliimba, waliomba, walileta mchele, lakini walikuja kwangu mimi, na yeye alikuwa anapita mlango wa nyuma. Hakuna mwanaume hata mmoja wa ule umoja aliyekuja akakaa naye chini ya mwembe, na wanajua kwetu, siku ya mahari walikula hapo. Aliyekuja mwishowe ni jirani Mwislamu, alimwambia twende unishikie mbao natengeneza banda la kuku. Siku hiyo niliwasikia wakicheka.

Kwa hivyo katibu ukitaka shughuli, anza na hao waliopotea kwa daftari lako. Usiende na daftari lakini. Nenda na nyundo.

Niko Virginia

Salamu kutoka mbali, mimi ni mtu wa Mazeras nimeolea huku Marekani. Huku wanaume wa United Methodist wana mtindo wa kukutana Jumamosi asubuhi kwa chai na mayai, wanapika wenyewe, wanaomba kidogo, saa tatu wamemaliza, kwa hivyo huyo Mtoro hajakosea kuhusu saa.

Lakini kilichonivuta mimi ni viazi. Hapa Virginia kuna shirika linaitwa Society of St. Andrew, lilianzishwa 1979 na wachungaji wawili Wamethodisti, na tangu miaka ya 1980 wanaokota mazao yanayobaki shambani baada ya mavuno, yale mkulima hawezi kuuza kwa sababu kiazi kimepinda au ni kidogo, wanapeleka kwa wenye njaa. Ni ile ile ya Ruthu kuokota masazo. Wanaume wa kanisa tunaingia shambani tunainama masaa mawili, tunajaza magunia. Mimi nilienda mara ya kwanza nikidhani ni mkutano wa Biblia nikapewa glavu. Na maneno niliyoambiwa na mzee mmoja mzungu huko kwa matuta, mambo ya mwanawe na madawa ya kulevya, asingeyasema akiwa kwa kiti ananiangalia machoni. Mikono ikishughulika mdomo unafunguka, sijui kwa nini.

KatibuMpya

Jameni nimesoma yote, mengine mara mbili. Mama Riziki nimenyamaza kwanza kabla sijajibu, manake nimehesabu kwa daftari walioacha kuja na najua angalau wanne walioachishwa kazi, na hakuna aliyewapitia.

Nimeongea na mchungaji jana. Kuna bibi mmoja mjane nyumba yake inavuja, makuti yamekwisha, na choo kimejaa. Tumekubaliana Jumamosi ijayo saa moja asubuhi, makuti mchungaji anayatafuta, sisi ni kupanda na kufunga na kuchimba, tukimaliza kuna mahamri na chai. Hakuna ajenda, hakuna daftari. Mambo ya kugawa kwa vijiji nitayaleta mkutano unaofuata, na ile ya taarifa ya M-Pesa mweka hazina ameikubali ila amenuna kidogo.

Aliyebaki ni mwenyekiti. Anasema kuezeka atakuja kuezeka, ila madeni yataendelea kusomwa, ni utaratibu aliukuta na atauacha.

Mwalimu Mstaafu

Mwambie aanze na deni lake yeye mwenyewe, kwa sauti, halafu waendelee na wengine.

Mtoro wa mitingi

😂😂😂 Mwalimu umemaliza. Katibu, hapo kwa mjane ni wapi? Mimi niko Mtwapa, kama ni hii Jumamosi naweza kuja na pikipiki na panga, ila uniapie hakuna mtu atanisajili.

KatibuMpya

Hakuna kusajiliwa, naapa. Njoo na panga na jembe kama unalo, udongo wa huku ni mgumu. Nakutumia ramani inbox. Na Mwalimu, hayo maneno kwa mwenyekiti utayasema wewe, namba yake nakutumia pia.