Oman kwa gari: Muscat, Sur na mwambao, siku saba zinatufikisha wapi?

Msafiri_Chumbageni
Wakuu, habari zenu. Mimi na mke wangu tutakuwa Oman wiki ya pili ya Desemba, siku saba. Mpango ni kukodi gari Muscat na kushuka na pwani polepole, bila mbio. Kuna anayeniambia tufike hadi Salalah, mwingine anasema tuishie Sur. Naomba ushauri: tuishie wapi, gari dogo linatosha au lazima 4x4, na kwa aliyezoea kuendesha kushoto kama sisi, kulia kuna shida gani hasa?

Mwambao77
Mkuu, Salalah iache. Muscat hadi Salalah kwa kufuata bahari ni takriban kilomita 1,200, na kurudi kwa njia ya bara kupitia Haima ni kama 1,000 za jangwa tupu lililonyooka. Magari mengi ya kukodi yana kikomo cha kilomita 200 au 250 kwa siku, na kila kilomita ya ziada inalipiwa. Kwa kikomo cha 200, siku saba ni 1,400. Wewe utakuwa umetembea 2,200, na siku tatu kati ya saba utakuwa hujashuka kwenye kiti.

Fanya mzunguko: Muscat, Quriyat, Tiwi, Sur, Ras al Hadd, Al Ashkharah, halafu urudi kwa ndani kupitia Ibra. Zote ni kama kilomita 700, lami mwanzo mwisho, gari dogo linatosha. Lala usiku mmoja Tiwi au Fins, miwili Sur, mmoja Ras al Hadd, mmoja Al Ashkharah, zinazobaki Muscat.

Barabara namba 17 hadi Sur ni pana, mwendo mwisho 120. Tochi za kule ni masanduku yaliyosimikwa kando ya barabara, hakuna askari wa kumbembeleza. Faini inaingia kwenye namba ya gari, ndiyo maana wenye magari huzuia dhamana kwenye kadi yako hata baada ya kurudisha funguo. Wengi wanataka kadi ya mkopo, ya benki ya kawaida wanaikataa, kwa hiyo uliza kabla hujalipia.

Hawiyat Najm, lile shimo kubwa lenye maji ya kijani karibu na Bimmah, lipo njiani na kuingia ni bure. Saa moja inatosha. Sur ndiyo ya kukaa. Karakana ya majahazi ipo ukingoni mwa hori, karibu na daraja la kamba za chuma la kwenda Al Ayjah, na mafundi bado wanachonga mbao za msaji. Ukilitazama jahazi la Fatah al Khair, lililoundwa hapo hapo mwaka 1951, utaona tezi na omo za aina ile ile zilizokuwa zikitia nanga Unguja na Mombasa.

Fundi_Usukani
Nijibu la kuendesha kulia, maana watu huliogopa palipo rahisi na kulidharau palipo pagumu.

Barabara kuu haina shida, unafuata wenzako. Makosa hutokea unapotoka sheli asubuhi barabara ikiwa tupu, au unapogeuza gari. Hapo mkono na kichwa vinarudi nyumbani, unaingia kushoto bila kujijua. La pili ni kusogea. Umezoea kukaa kulia mwa gari, sasa umekaa kushoto, na mwili wako unataka kukaa pale pale ulipozoea ndani ya njia. Matokeo yake tairi za kulia zinakwangua ukingo. Kanuni ni moja: dereva awe upande wa mstari wa katikati. Mkeo aliyekaa kulia ndiye anayeuona ukingo, kwa hiyo siku mbili za mwanzo yeye aseme "umesogea" na wewe usinune.

Kipilefti cha kule kinazungukwa kinyume na saa, na unampisha anayetoka kushoto kwako. Indiketa ipo mkono wa kushoto, kwa hiyo kila ukitaka kukata kona waipa zitapiga kioo kikavu. Utacheka, utazoea. Chukua gari la otomatiki, usiongeze na gia za mkono wa kulia juu ya hayo.

Beba leseni yako pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva, na ukipate kabla ya kusafiri. Piga picha gari lote, pamoja na rimu na kioo cha mbele, kwa sababu bima nyingi hazigusi tairi wala kioo. Hata ukikwaruzwa kidogo tu, usiondoke bila karatasi ya polisi. Bila hiyo bima hailipi. Namba ya dharura ni 9999.

Msafiri_Chumbageni
Nimewaelewa, Salalah tumeifuta. Mke wangu anauliza Wadi Shab (wadi ni bonde la mto): si mwogeleaji hodari, ataweza? Na kasa wa Ras al Jinz, jirani na Ras al Hadd, Desemba wapo?

BintiKaskazi
Wadi Shab anaweza nusu. Unaegesha chini ya daraja, mnavushwa kwa boti ndogo kwa rial moja kila mtu, kwenda na kurudi. Halafu ni kutembea kama dakika 45, mawe yamesuguliwa na maji hadi yanateleza kama sabuni. Kandambili hapana, vaeni raba za kuingia majini. Hadi hapo hahitaji kuogelea. Baada ya hapo ni mabwawa, mengine miguu haifiki chini, na mlango wa pango la maporomoko ni ufa unaopitisha kichwa tu. Asiyejiamini avae jaketi la kuokolea au abaki bwawa la kwanza. Fikeni saa mbili asubuhi, na si Ijumaa wala Jumamosi. Mkiona mawingu milimani, ahirisheni hata kama juu yenu ni kweupe: mafuriko huanzia mbali. Na kukatiza wadi unaotiririka kwa gari ni kosa kisheria.

Kasa wa kijani hutaga mwaka mzima, ila wengi ni Mei hadi Septemba. Desemba ni bahati. Wekeni nafasi mapema ya alfajiri badala ya usiku: mnaweza kumkuta akifukia shimo na kurudi baharini, na mwanga unatosha kumwona bila taa.

Al Ashkharah Desemba ni shwari. Kusi ndiyo inayoivuruga ile bahari katikati ya mwaka.

Mwambao77
Nyongeza: Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na mbili. Ukitoka Al Ashkharah kurudi ndani, toka asubuhi. Ngamia ni mrefu, bampa inampiga miguu na mwili wote unakuja kwenye kioo, na usiku macho yake yako juu kuliko taa zako. Jazeni mafuta kila mkifika nusu tangi. Na mkiona moshi kando ya njia jioni, ulizeni "mishkak". Hakuna haja ya mkalimani.